Nondo Kabatini

Jumamosi iliyopita, nilipofungua mfuko wa unga wa ngano ili nikande mahamri, nilikuta unga umeshikana kwa nyuzi laini mfano wa utando wa buibui, na ndani yake viwavi weupe wanajikunja. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba wale nondo wadogo, wenye mabawa ya kijivu yaliyogeuka rangi ya shaba kuelekea nchani, ambao kwa wiki nzima nilikuwa nikiwafukuza kwa leso bila kuwajali, walikuwa wamezaliwa humo humo jikoni. Nondo mzima hali nafaka. Mlaji ni kiwavi, na jike mmoja huweza kutaga mayai mia kadhaa, kwa hiyo kuwapiga wanaoruka ni kazi bure. Joto letu la Mombasa nalo huwaharakisha kukua.

Nilitoa kila kitu, hata zabibu kavu nilizozihifadhi kwa ajili ya pilau. Vilivyoingiliwa nilivitupa nje ya nyumba, zikiwemo pojo nilizonunua Kongowea siku mbili tu kabla, jambo lililoniuma kweli. Mchele uliosalimika niliutia kwenye friza kwa wiki moja ili mayai, kama yamo, yafe. Pembe za rafu, ambamo viwavi hufuma vifukofuko vyao, nilizisugua kwa maji ya moto na sabuni. Sasa nafaka zote zimo katika chupa za kioo zenye vifuniko vya kukaza, maana mfuko wa plastiki viwavi huutoboa.

Jana usiku nilimwona nondo mmoja karibu na taa, nami nikazikagua chupa zote upya.