"Next tomorrow" na kalamu yangu nyekundu

Miaka kadhaa iliyopita nililetewa makala ndefu ya Kiingereza kuhusu wafanyabiashara wa sokoni, iliyoandikwa na mtu wa Lagos, nami nikatakiwa kuinyoosha lugha kabla haijapigwa chapa. Katika ukurasa wa 3 mwandishi alisimulia kwamba muuza vitambaa mmoja alimwambia arudi "next tomorrow". Niliyakata maneno hayo kwa kalamu nyekundu, nikaandika juu yake "the day after tomorrow", na pembeni nikaongeza alama ya mshangao ambayo leo naionea haya. Sikujiuliza hata kidogo kwa nini mtu msomi, aliyeandika kurasa nyingine zote bila kuteleza, ateleze hapo. Jibu lilikuwa kinywani mwangu siku zote: sisi husema keshokutwa, neno moja tu, ilhali Mwingereza anahitaji maneno manne kulisema jambo hilohilo. Wanigeria walikuwa wameziba pengo. Mwezi Januari 2020 kamusi ya Oxford iliingiza "next tomorrow" pamoja na maneno mengine kadhaa ya Kiingereza cha Nigeria, na nilipoisoma habari hiyo nilikumbuka ile alama ya mshangao.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza kosa huacha lini kuwa kosa. Wapo wanaojibu kwamba huacha pale Waingereza wenyewe wanapolikubali, lakini historia ya lugha yao haiwaungi mkono. Walowezi wa Kiingereza walioanzisha Jamestown, huko Amerika, mwaka 1607 waliondoka na Kiingereza cha siku zile, ambacho wasemaji wake wengi waliitamka waziwazi r ya mwisho katika maneno kama "car" na "father". London ndiyo iliyokuja kuiacha r hiyo, hasa kuanzia mwishoni mwa karne ya 18, na Wamarekani wengi wakabaki nayo. "Gotten", ambalo Mmarekani husema pale Mwingereza anaposema "got", na ambalo Mwingereza wa leo akilisikia hukunja uso, lilikuwa neno la mababu zake mwenyewe. Noah Webster alipochapa kamusi yake kubwa mwaka 1828, akaandika "color" na "center" badala ya "colour" na "centre" za Waingereza, alikuwa akitangaza kwa makusudi kwamba taifa jipya halihitaji ruhusa ya taifa kongwe ili kuandika. Leo hakuna mhariri anayethubutu kumwambia Mmarekani kwamba amekosea tahajia, na sidhani kama sababu ni uzuri wa tahajia hiyo. Marekani ina nguvu, na lugha ya mwenye nguvu haiitwi kosa.

India ina kisa chenye mafundo zaidi. Mwaka 1835 Thomas Macaulay, Mwingereza aliyekuwa katika serikali ya kikoloni ya India, aliitetea elimu ya Kiingereza huko kwa hoja kwamba Uingereza ilihitaji tabaka la wakalimani kati yake na mamilioni ya watu iliowatawala. Katiba ya mwaka 1950 ilikusudia kwamba Kihindi kichukue nafasi ya Kiingereza katika shughuli za serikali kuu baada ya miaka 15. Muda huo ulipowadia, mwaka 1965, jimbo la Madras, ambalo sasa linaitwa Tamil Nadu, liliwaka kwa maandamano, kwa kuwa wasemaji wa Kitamil waliona kwamba lugha itakayowatawala ni Kihindi, na Kiingereza, kwa vile hakikuwa cha jirani yeyote, kilionekana kuwa na madhara madogo zaidi. Kikabaki. Sisi Tanzania tulikuwa na Kiswahili cha kuibeba kazi hiyo, na pengine ndiyo maana hatukielewi vizuri Kiingereza cha Wahindi, ambacho kimekaa nyumbani mwao kama jamaa asiyependwa na wote lakini asiyefukuzwa na yeyote. Humo ndimo limestawi neno "prepone", yaani kuuleta mkutano karibu zaidi badala ya kuuahirisha. Nalionea wivu neno hilo, maana sisi tukitangaza kwamba kikao kimesogezwa mbele, nusu ya wajumbe huwahi na nusu huchelewa.

Mhindi mmoja, Braj Kachru, mzaliwa wa Srinagar aliyefundisha isimu katika Chuo Kikuu cha Illinois, ndiye aliyetupatia mwaka 1985 mchoro wa miduara mitatu: wa ndani, wenye Uingereza, Marekani, Australia na wenzao, wa nje, wenye nchi zilizotawaliwa, kama India, Nigeria na Kenya, na unaopanuka, wenye nchi zinazojifunza Kiingereza kama lugha ya kigeni. Mchoro huo unasaidia, ila watu hawatulii mahali walipochorwa. Rwanda haikuwahi kutawaliwa na Uingereza, lakini mwaka 2008 serikali iliamua kwamba Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa katika kufundishia shuleni, na mwaka uliofuata nchi ikajiunga na Jumuiya ya Madola. Mwalimu wa Kigali aliyesoma kwa Kifaransa alijikuta akihama duara bila kuhama nyumba.

Kiingereza chetu cha Afrika Mashariki hukitambua zaidi kwa neno "sorry". Mtu akijikwaa mbele yetu tunamwambia "sorry", na mgeni kutoka Uingereza hushangaa kwa nini tunaomba radhi ilhali hatukumsukuma. Hatuombi radhi, tunampa pole. Mganda naye anaweza kukuamkia kwa "well done" ilhali hujafanya lolote la kusifiwa, kwa sababu moyoni anasema "gyebaleko" ya Kiganda. Wala jambo hili si la Afrika peke yake: Muayalandi husema "I'm after eating" akiwa na maana ya nimetoka kula, na muundo huo aliurithi kutoka lugha ya Kiayalandi.

Singapore ilianzisha mwaka 2000 kampeni ya kuwahimiza raia waseme Kiingereza sanifu, lakini Singlish, yaani Kiingereza cha mitaani cha huko, ingali hai.

Hapa inanipasa nikiri jambo. Mimi ninayekitetea Kiingereza cha Lagos nimewahi kucheka niliposikia Kiswahili cha Lubumbashi, nikakiita kibovu mbele ya mwenye nacho. Usanifu ninaoutumia kuwapimia wengine uliamuliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, ulipoichagua lahaja ya Unguja, na watu wa Mombasa wenyewe waliondoka na Kimvita chao kikiwa kimewekwa kando. Kwa hiyo kalamu nyekundu naijua pande zote mbili.

Siku hizi kabla sijakata neno huuliza kwanza litasomwa wapi na limesemwa na nani. Andiko la ofisi ya Dodoma likija na "next tomorrow" nitalibadilisha bila kusita, kwa sababu msomaji wa Dodoma ana Kiingereza chake naye, na usemi huo haumo. Ila nakala ya makala ile ya soko ningali nayo rafuni. Katika ukurasa wa 3, hadi leo, muuza vitambaa wa Lagos anazungumza kama karani wa London.