Skrini mbili, kompyuta mbili, meza moja: mradi umefikia hapa

Meza yangu hapa Tabata ina upana wa sentimita 120 tu, na juu yake hukaa kompyuta ya mezani niliyoiunganisha mwenyewe pamoja na kompyuta mpakato ya ofisi ninayorudi nayo kila jioni. Skrini ni mbili, za inchi 24, zote za mtumba kutoka Kariakoo. Nia yangu tangu mwanzo ni skrini zote mbili ziitumikie kompyuta yoyote ninayoifanyia kazi wakati huo, bila mimi kuinama nyuma ya meza kuchomoa na kuchomeka waya, kwa kuwa tundu la HDMI la mpakato, linalotoa picha kwenda skrini, limeshaanza kulegea kwa sababu ya mtindo huo.

Wiki ya kwanza niliazima kwa mwenzangu wa kazini kisanduku cha KVM, ambacho huhamisha skrini, kibodi na kipanya kwa mkupuo mmoja. Kilifanya kazi, ila kila nilipobonyeza kitufe na baadaye kurudi, madirisha niliyokuwa nimeyapanga katika skrini ya kulia niliyakuta yamerundikana kushoto. Chanzo chake nilikisaka kwa siku tatu. Kila skrini hubeba taarifa fupi iitwayo EDID, inayoieleza kompyuta aina ya skrini na vipimo vya picha inavyovimudu. Kisanduku kile kiliikata taarifa hiyo kwa kompyuta iliyowekwa kando, nayo ikaamini kuwa skrini zimeondolewa. Vipo visanduku vinavyoihifadhi na kuendelea kuitoa, lakini nilivyoviona vilizidi bei niliyozinunulia skrini zenyewe.

Ndipo nilipozigeukia skrini. Kila moja ina tundu la HDMI na la DisplayPort, aina nyingine ya tundu la picha, na menyu ya kuchagua kati ya hayo mawili, maana yake swichi ya picha ninayo tayari. Kilichohitaji kugawanywa kwa kifaa kingine ni kibodi na kipanya tu, na kwa hilo kibadilishi kidogo cha USB chenye kitufe kimoja kinatosha kabisa.

Kwenye waya nilikosea. Kompyuta ya mezani ina tundu moja la HDMI na moja la DisplayPort, nami nilitaka yote mawili yaingie kwenye DisplayPort za skrini ili mpangilio ukumbukike kwa urahisi. Nilinunua waya wenye DisplayPort upande mmoja na HDMI upande wa pili, nikauchomeka, na skrini ikabaki nyeusi. Fundi wa duka nililourudia aliushika, akaugeuza mara moja na kusema, “Kaka, huu una mwelekeo. Unatoka DisplayPort kwenda HDMI, haurudi.” Alikuwa sahihi: kutoka HDMI kwenda DisplayPort kunahitajika adapta inayogeuza mawimbi, na nyingi hudai umeme wake wa pembeni.

Badala ya kununua adapta nilibadilisha mpangilio. Skrini ya kushoto inapokea DisplayPort ya kompyuta ya mezani na HDMI ya mpakato. Ya kulia inapokea HDMI ya kompyuta ya mezani, na DisplayPort yake inalishwa na tundu la USB-C la mpakato kwa waya mmoja wa moja kwa moja. Madirisha sasa hayahami, kwa sababu skrini hizi huendelea kujitambulisha kwa kompyuta hata zinapoonyesha tundu jingine, jambo ambalo si kila skrini hulifanya.

Wiki hii nimeongeza programu ya ddcutil kwenye kompyuta ya mezani, yenye Linux. Hutuma amri kwa skrini kupitia waya uleule wa picha, mradi DDC/CI, njia ya skrini kupokea amri za kompyuta, imewashwa kwenye menyu: namba 60 ndiyo ya kuchagua tundu, 0x0f ni DisplayPort na 0x11 ni HDMI. Nimezifunga amri hizo kwenye kitufe cha F9, na skrini zote mbili huhamia kwenye mpakato kwa takriban sekunde mbili.

Kurudi bado hakujakamilika. Skrini ya kushoto huitikia amri hata ikiwa inaonyesha mpakato, lakini ya kulia husikiliza tundu linaloonyeshwa tu, na mpakato ni mali ya ofisi, hairuhusiwi kuwekewa programu. Kwa hiyo skrini ya kulia naibonyeza kwa mkono, mara mbili chini ya fremu. Jumamosi nitazibadilishana nafasi, ili ile ya kushoto yenye usikivu ikae kulia, mbali na mkono wangu, na ile ya kubonyezwa iwe karibu nao.