Mara ya tatu Dunga ndio nikampata

Watu wa Kisumu, hebu niambieni, pale ufuo wa Dunga mnaenda kula samaki tu? Mbuta haikimbii, utaikuta saa saba. Siku moja jaribu kufika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla boti hazijaanza kunguruma na vibanda havijafungulia muziki, alafu simama tu pale kando ya mafunjo usikilize.

Mimi nimeenda mara tatu kwa sababu ya ndege mmoja, gonoleki wa mafunjo. Huyu haishi mahali pengine, ni ndani ya mafunjo tu, huku kwetu kando ya ziwa Victoria na kwenye vinamasi vya Uganda, Rwanda na Burundi, kwa hivyo mahali mafunjo yamekatwa yote yakaisha usimtafute hapo.

Mara ya kwanza nilijiaibisha. Nikaona kifua chekundu, mgongo mweusi, nikapiga picha imetingika, nikaingiza kwa eBird, ile app ya kurekodi ndege ulioona, hapo hapo nikiwa kwa boda nikirudi tao. Jioni navuta picha kwa simu, kichwa cheusi tii! Kumbe ni binamu yake, gonoleki kichwa-cheusi, ambaye unampata hata uani kwa jirani. Yule wa mafunjo utosi wake ni wa njano kama amepakwa manjano ya pilau, na bawa lina mstari mweupe. Nikarekebisha listi kimya kimya.

Mara ya pili ilikuwa mvua, na gugu maji lilikuwa limeziba njia ya boti. Nililoa bure lakini sikukosa kabisa, mnandi walikuwa wamepanda mitego wakianika mabawa, yangeyange walikuwepo, na yule mdiria wa madoa meusi na meupe alikuwa anasimama hewani akipepea alafu anajitupa majini kama jiwe.

Sasa mara ya tatu nikatumia akili, nikatafuta mmoja wa vijana wa pale wanaotembeza wageni. Mamake husuka mikeka ya togo, yaani hayo mafunjo ndio anayajua tangu akiwa mtoto. Akazima injini, akashika mabua kwa mkono boti isisogee, akaniambia weka hiyo binokula chini kwanza. Tukakaa labda dakika ishirini, mguu umekufa ganzi. Kisha filimbi nzito ikalia, na papo hapo mlio mwingine mkavu ukaijibu, karibu sana, mpaka nikadhani ni ndege mmoja. "Hapana bro, huyo ni bwana, huyo ni bibi," akaninong'onezea. Bua likainama, utosi wa njano ukachungulia sekunde tatu hivi, ukaisha. Picha sina!

Kwa wale huniuliza mnaanzia wapi, pesa nyingi haihitajiki. Merlin, app ya simu ya kutambua ndege, ni ya bure, pakua ile paki ya ndege wa huku kwetu ukiwa na waifai nyumbani, ukifika ziwani itafanya kazi hata bila bando. Ukishazoea ingia Kenya Bird Map, mradi wa kuchora ramani ya ndege wa Kenya, unarekodi na app ya BirdLasser: nchi imegawanywa kwa miraba ya kama kilomita 9 kwa 9, unazunguka mraba wako angalau saa mbili ukiandika kila unachoona na kusikia, hata kunguru, hata njiwa wa sokoni. Ukiwa Nairobi kuna matembezi ya kuangalia ndege ya Jumatano asubuhi ya Nature Kenya, lile shirika la mazingira, yanaanzia pale Museum, na hakuna mtu atakucheka ukiita kwarara korongo.

Lakini mimi raha yangu ni ile hesabu ya ndege wa majini ya Januari kule maziwa ya Bonde la Ufa. Watu wa kujitolea wanahitajika na si lazima uwe mtaalamu, mimi nilikuwa karani tu, mtu ako na darubini anaita "flamingo mia, mia tena, mwari kumi" na wewe unaandika mpaka kidole kinauma, na matope ya magadi yanabaki kwa viatu wiki mzima.

Kitu kimoja tu kuhusu Dunga, elewaneni bei kabla ya kupanda boti, na mlipe huyo kijana vizuri. Jumapili hii narudi na dadangu, amekataa katakata kuamini kuna ndege wa kuimba na bibi yake.