Kadi ya Rangi Nne

Mwaka 1984 mchezo wa kompyuta ulikuwa sauti. Kompyuta ya nyumbani ya Sinclair ZX Spectrum ilitoka Uingereza mwaka 1982, na ile yenye kumbukumbu ya kilobaiti 48 iliuzwa pauni 175, bei ambayo familia nyingi za kawaida ziliweza kujinyima na kuifikia. Haikuwa na diski. Ulichukua redio kaseti, ukaiunganisha kwa waya, ukaandika LOAD na alama za kunukuu, ukaachia mkanda uende. Kwanza ulisikia mluzi mrefu, pembezoni mwa skrini ikipita michirizi myekundu na ya samawati. Kisha ukaja mkwaruzo mkali na michirizi ikageuka buluu na njano. Dakika tano hivi nyumba nzima inasikiliza kelele hiyo, na mtu akigusa meza wakati huo, aliyekaa mbele ya kompyuta anamtazama kwa jicho kali.

Na kwa kuwa ilikuwa sauti, ilirekodiwa kama sauti nyingine yoyote. Nyumbani kwetu Portsmouth, Uingereza, hilo halikumshangaza mtu. Familia za Kizanzibari zilizohamia mji ule baada ya mapinduzi ya 1964 ziliishi na kaseti: salamu za sauti kutoka Unguja, mawaidha, taarabu ya Ikhwani Safaa iliyorekodiwa nyumba hadi nyumba mpaka ala ya kanuni inasikika kama iko mtaa wa pili. Baba alikuwa na deki ya kaseti mbili na alikuwa na sharti lake. Kaseti halisi haichezwi ovyo. Inatolewa nakala, halisi inarudi kabatini, nakala ndiyo inayotumika mpaka ichakae. Kaka yangu aliponunua mchezo kwa pesa alizopata akigawa magazeti asubuhi mitaa ya Southsea, Baba aliunakili jioni ileile, kama alivyofanya kwa kaseti zake zote.

Nakala ilikubali. Mchezo ndio uliokataa kuanza, kwa sababu ya kadi.

Watengenezaji wa michezo walikuwa wameshahangaika na jambo hili la kunakiliana kaseti. Walijua kuizuia kompyuta isinakili: mifumo kama Speedlock ilibadilisha mapigo ya sauti kwenye mkanda ili amri za kawaida za Spectrum zishindwe kuyasoma na kuyahifadhi upya. Lakini deki mbili zilizokaa pamoja haziulizi mapigo yamepangwaje, zinachukua zinachosikia. Kwa hiyo baadhi yao wakatafuta kitu ambacho mkanda haukibebi. Mwaka uliofuata, mchezo wa Elite wa Spectrum ulikuja na kijilenzi cha plastiki kiitwacho Lenslok, unakiweka mbele ya skrini kusoma herufi zilizovurugwa. Mchezo wa kaka yangu ulikuja na kadi ya rangi.

Kadi ile ilikuwa jedwali la miraba 180, safu 18 za herufi kwa mistari 10 ya namba, na ndani ya kila mraba vidoa vinne vya rangi. Mchezo ukishapakia unakuuliza: mraba fulani una rangi gani? Unajibu kwa vitufe 1 hadi 4, yaani buluu, nyekundu, zambarau, kijani, kama rangi zenyewe zilivyochapwa juu ya vitufe hivyo vya Spectrum. Ukikosea unaulizwa mraba mwingine. Ukikosea tena, kompyuta inajifuta na unarudi kwenye mluzi. Mashine za fotokopi za maduka ya kawaida wakati ule zilitoa nyeusi na nyeupe tu, kwa hiyo kuidurufu kadi dukani ilikuwa kazi bure. Ilikuwa kinga ya bei nafuu, na iliyobuniwa kwa akili.

Kaka alikosea, akapakia upya, akakosea tena. Sote tulidhani ni pupa, maana alikuwa mtu wa haraka katika kila kitu. Lakini jioni ile niliketi karibu naye na nikaona hana pupa hata kidogo. Aliweka kidole kwenye mraba, akainamisha kadi huku na huku chini ya taa, akaniuliza kwa sauti ya chini, ili Baba asisikie:

"Hii na hii, wewe unaziona tofauti?"

Moja ilikuwa buluu, nyingine zambarau. Nikamwambia. Akanionyesha nyekundu na kijani, akauliza vilevile.

Mama alikuwa jikoni anatwanga tangawizi. Nadhani alisikia swali lile la pili, kwa sababu aliacha mchi, akaja na mikono yake mibichi, akaichukua kadi. Hakumuuliza kaka chochote kuhusu mchezo. Alimuuliza blanketi la kitandani kwake ni la rangi gani. Kaka akajibu vizuri, blanketi alilijua siku zote. Kisha Mama akafungua friji, akatoa pilipili mbili ndefu, moja mbichi na moja iliyoiva, akamwekea mezani.

"Ipi imeiva?"

Kaka akazibonyeza kwa vidole kwanza, ndipo akataka kujibu. Mama akamzuia mkono. "Kwa macho, mwanangu." Kaka akanyamaza.

"Mjomba wenu ndivyo alivyo," Mama akasema, na akakaa. Akatueleza jinsi kaka yake alivyokuwa akitumwa Darajani kununua pilipili zilizoiva na kurudi na mbichi, na jinsi bibi alivyomchapa kwa kudhani anamfanyia kiburi. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mtoto yule haoni walichoona wengine. Mama alikuwa anatueleza sisi, lakini nilivyomwona alikuwa anamwomba radhi ndugu yake aliye mbali.

Baadaye mpima macho alimpitisha kaka kwenye vibao vya Ishihara, vile vya namba zilizofichwa ndani ya madoa, na akathibitisha. Upofu wa rangi nyekundu na kijani unarithiwa kupitia kromosomu ya X, ndiyo maana unawapata wanaume zaidi na ndiyo maana mjomba na mpwa wanaweza kuwa nao wote wawili, na mama aliye kati yao asiwe nao. Zambarau ni buluu iliyotiwa wekundu. Asiyeuona wekundu ule anabaki na buluu. Kwa hiyo rangi nne za kadi kwake zilikuwa mbili tu, na kadi ilimhesabu kuwa mwizi wa kitu alichokilipia mwenyewe.

Usiku uleule wa zile pilipili tuliinakili kadi. Baba, alipoelezwa, alileta daftari la hesabu lenye karatasi za miraba. Tulihamia jikoni, kwa sababu balbu ya sebuleni ilikuwa ya njano na chini yake hata mimi nilianza kuchanganya zambarau na nyekundu. Jikoni kulikuwa na taa ya tyubu. Mimi nilisoma rangi kama tarakimu, kaka akaandika: moja, tatu, tatu, mbili. Nne, moja, mbili, nne. Mwandiko ulikuwa wake kwa sababu daftari lingekuwa lake. Kila mstari ulipokwisha Mama aliukagua kwa kidole, na mara moja alitukamata tumeruka mraba mzima, ikabidi mstari ufutwe na uandikwe upya. Tarakimu 720 si chache kwa watoto, lakini hakuna aliyetuambia tukalale.

Katikati ya kazi Baba aliuliza kama hili ni halali. Aliuliza kwa dhati, alikuwa mtu wa kuuliza hivyo hata kwa mambo madogo. Kaka akasema mchezo ameununua, risiti ipo. Baba akafikiri, akasema basi daftari halitoki nje ya nyumba hii. Na halikutoka, ingawa shuleni wapo walioliomba.

Nilipokua nilisoma habari za sheria. Mwaka 1985 Bunge la Uingereza lilitamka wazi kwamba programu za kompyuta zinalindwa kama maandishi mengine, na kanuni za mwaka 1992 zikampa mtumiaji halali haki ya kuweka nakala ya akiba ya programu anayoihitaji. Sioni ubaya kwa waliotaka kujilinda. Uwanja wa shule ulijaa kaseti za kurekodi, na michezo mingi ilitungwa na vijana waliofanya kazi peke yao vyumbani mwao, wakaona jasho lao linagawiwa bure. Ninachokikataa mpaka leo ni kufuli linalopima mwili wa mtu kisha kudai limepima uaminifu wake. Mwenye macho mazima aliyeazima kadi ya rafiki aliingia. Kaka yangu, mwenye risiti, alibaki nje.

Baada ya miaka michache tulipata Multiface ya kampuni ya Romantic Robot, kisanduku cha kuchomeka nyuma ya Spectrum chenye kitufe chekundu. Ukikibonyeza mchezo unasimama papo hapo, na unaweza kuhifadhi kila kilichomo kwenye kumbukumbu ya kompyuta, ukiwa umeshapita kadi. Kaka alihifadhi mchezo wake hivyo, na daftari likapumzika.

Miaka ya karibuni nilikwenda kwake kuzihamishia kaseti kwenye faili. Nakala ya Baba ilikuwa imechakaa, kama alivyokusudia, na ile halisi ya kabatini ikasomeka bila kosa. Tulitumia muundo wa TZX, kwa sababu unahifadhi urefu wa mapigo ya mkanda yenyewe, kinga na vyote. Maana yake mchezo kwenye kompyuta mpya bado unauliza rangi. Basi nikazipiga picha kurasa za daftari, moja baada ya moja, nikaziweka kwenye folda moja na faili la mchezo, na kaka akaandika maelezo mafupi ya kueleza ni za nini.