Warsha ya walimu wa Kiingereza: anza na lugha wasiyoijua

Warsha nyingi za walimu wa Kiingereza hufundisha mbinu shirikishi kwa kuhutubia. Washiriki wananakili kilichoandikwa kwenye bango kitita, wanapokea vyeti, na Jumatatu kila mmoja anaingia kwenye darasa la wanafunzi 80 na kufundisha vilevile kama Ijumaa. Kinachombadilisha mwalimu ni kujaribu mbinu palepale warshani, akakosea, akarudia. Ratiba nzima ijengwe kuulinda muda huo.

Kwa nusu siku, saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana, washiriki 20 wanatosha, wawili kutoka kila shule. Lengo liwe moja tu, kwa mfano wanafunzi wa kidato cha kwanza kuzungumza wawiliwawili. Hapa Tanzania mtoto aliyetoka shule ya msingi ya serikali inayofundisha kwa Kiswahili hukutana na Kiingereza kama lugha ya kufundishia akiingia kidato hicho, na asiyethubutu kufungua kinywa kwenye kipindi cha Kiingereza hunyamaza kwenye Biolojia na Jiografia pia.

Mgeni rasmi mwombe afunge warsha badala ya kufungua. Akichelewa kufungua, muda unaoliwa ni ule wa mazoezi.

Anza na somo la dakika 20 kwa lugha ambayo washiriki hawaijui. Mtafute mwalimu anayezungumza Kiiraqw au Kimaasai. Kisukuma na Kihehe havifai, maana ni ndugu wa Kiswahili na watu watabahatisha maana. Dakika 10 za kwanza afundishe kwa maelezo matupu. Dakika 10 za pili afundishe maneno matano tu, akishika vitu halisi kama maji, jiwe na kijiti, akitumia ishara na kurudia. Kisha uliza: ni wapi hasa ulipotea, na kwa nini? Majibu yao yaandike ubaoni na yabaki hapo hadi mwisho, kwani hakuna hotuba itakayomweleza mwalimu hali ya mwanafunzi wake vizuri kuliko dakika hizo.

Fuata na maelekezo, ambapo kazi ya wawiliwawili huvunjika mara nyingi. Mwalimu akiuliza "Mmeelewa?", darasa zima hujibu "Ndiyo", kisha nusu yao wanamgeukia jirani kuuliza kazi ni ipi. Washiriki wazoee hatua tatu: toa agizo moja kwa sentensi fupi, onyesha mfano na mwanafunzi mmoja mbele ya darasa, halafu uliza maswali ya kupima. Unazungumza na nani? Mnaandika au mnaongea? Kwa dakika ngapi?

Sasa somo fupi la mazoezi. Unda makundi manne ya watu watano. Dakika 25 za kuandaa, kisha kila kundi lifundishe kwa dakika 8 na kujadiliwa kwa dakika 7. Wenzao wakiigiza wanafunzi hujibu kila swali kwa ufasaha, na somo linakosa uhalisia. Wape vikadi: huyu anajua sentensi tatu tu, yule haongei mpaka aitwe. Kwenye mjadala aanze aliyefundisha. Wengine waseme walichokiona, mfano mwalimu aliongea dakika ngapi na wanafunzi ngapi walifungua kinywa. Makosa ya sarufi ya mwenzao yasitajwe mbele ya watu. Mwalimu akiaibishwa hapo, kundi lijalo litasoma tu kutoka kwenye karatasi.

Ukibaki na nusu saa, itumie kwa matamshi. Silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu, ndiyo maana tuna basi, benki na filamu. Tabia hiyohiyo humfanya mwanafunzi aongeze irabu mwishoni mwa "asked". Tumia makofi: "asked" kofi moja, "played" moja, "wanted" mawili. Silabi huongezeka pale tu kitenzi, kabla ya kuongezwa -ed, kinapoishia kwa sauti ya t au d.

Kabla ya kutawanyika, kila mshiriki aandike andalio la kipindi kimoja cha wiki ijayo, na mwenzake wa shule moja aahidi kukaa darasani dakika 20 kumtazama. Ndiyo sababu ya kuwaita wawiliwawili. Walioanzisha vikao vya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) shuleni wana pa kupeleka walichokiona. Baada ya wiki mbili wapigie simu, uliza jambo moja: wanafunzi waliokaa dawati la nyuma kabisa waliongea?