Kibaba cha unga

Jumapili iliyopita, baada ya misa, nilipita kwenye makaburi ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, ambao shirika lao lilianza utume hapa Bagamoyo mwaka 1868, nikaona kwamba baadhi ya waliozikwa pale walifariki wakiwa wadogo kuliko mimi, ambaye tangu mashua yetu ivunjike nimekuwa nikimlalamikia Mungu kila alfajiri. Nyumbani nilimkuta jirani yangu, mama mjane anayeuza vitumbua, ameniletea kibaba cha unga ndani ya kitambaa alichokifunga mafundo mawili, akaniomba radhi kwamba ni kidogo. Nilitaka kukataa (kiburi changu hakifi hata kwa njaa), kisha nikamkumbuka Petro aliyekataa kuoshwa miguu na Bwana. Nikapokea kwa mikono miwili.