Sekunde mbili za Mkerewe

Pale Kirumba, Mwanza, mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani. Dagaa huvuliwa gizani, kwa taa zinazowavuta juu ya maji, na mbalamwezi ikishatanda ziwa zima taa inakuwa haina kazi. Kwa hiyo kila mwezi zilikuwepo siku ambazo vijana wa mitumbwini walibaki nchi kavu, pesa ya mgawo mfukoni, wakiwa hawana pa kwenda. Siku hizo ndizo zilizokuwa sikukuu za banda la gemu la shangazi yangu.

Shangazi aliuza dagaa Mwaloni, na banda lilikuwa mradi wake wa pili. Mabati pande zote, mabenchi ya mbao, PlayStation 2 tatu, na kila moja na TV yake ya chogo. Chogo bora kuliko zote, la inchi 21, alilipata kwa bei ya bure mwanzoni mwa 2013, mitambo ya analojia ilipozimwa Mwanza. Watu wengi waliamini kwamba TV za chogo ndiyo basi tena, wakaziuza haraka haraka, wakati kilichohitajika kilikuwa king'amuzi tu. Shangazi aliuliza kwanza, akaelewa, akanunua.

Mwaka 2014 nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri chuo, na kazi yangu ilikuwa kukaa pale bandani: kupokea mia mbili mbili za mechi, kubadilisha pedi zilizochoka, kuamua ugomvi. Mechi moja tuliiweka dakika tano. Gemu lilikuwa PES 6, la mpira wa miguu, la mwaka 2006, na hakuna aliyetaka jipya kuliko hilo.

Mfalme wa banda alikuwa kijana mvuvi wa Ukerewe. Sisi wote tulimwita Mkerewe. Mikono yake ilikuwa imekomazwa na kamba za nyavu, lakini akishika pedi vidole vilikuwa vyepesi ajabu. Hakuwa na mbwembwe za kukimbia na kupiga chenga uwanja mzima. Silaha yake ilikuwa kukaba: anamwacha mshambuliaji wako aingie, anamwacha, anamwacha, halafu wakati ule ule unaoinua mguu kupiga, mpira haupo. Nilikaa nyuma yake jioni nyingi nikimtazama, na nakiri sijawahi kumwona mtu mwingine anayejua vile lini hasa abonyeze.

Kombe la Dunia la Brazil lilipokaribia, shangazi akanunua flati, inchi 32, imeandikwa HD mbele. Tuliitundika ukutani na banda likafurika. Fainali ilianza saa nne usiku, Julai 13, na ilikuwa mwezi mpevu, kwa hiyo wavuvi walikuwepo wote. Götze alipoifungia Ujerumani dakika ya 113, tulikwishapita usiku wa manane na mabati yalitetemeka kwa kelele. Tulikuwa tumeona hadi vipande vya nyasi vikiruka kwenye viatu. Hakuna aliyetaka kurudi kutazama mpira kwenye chogo baada ya hapo, mimi pia.

Ndipo shangazi akaamua kwamba mwezi mpevu wa Agosti aandae bonanza la gemu, na mechi zote zichezwe kwenye flati. Kiingilio elfu moja, zawadi jezi na shilingi elfu hamsini. Wakajaa vijana kutoka Pasiansi, Mabatini, hata Igoma.

Nilichomeka ule waya wa kawaida wa PS2, wenye vichwa vitatu, njano ya picha, nyeupe na nyekundu za sauti. Picha ilipotokea kukawa na ukimya kidogo. Wachezaji walikuwa wafupi na wanene, kwa sababu picha iliyotengenezwa kwa kioo cha upana wa nne kwa urefu wa tatu ilikuwa imevutwa kujaza kioo cha kumi na sita kwa tisa. Majina ya wachezaji yalikuwa na ukungu. Kingo za mistari ya uwanja zilikuwa na meno kama msumeno. Mtu mmoja akasema labda CD imechakaa. Tukaweka nyingine, yale yale.

Bonanza likaanza hivyo hivyo. Mkerewe alipangwa na kijana wa Mabatini ambaye siku nyingine yoyote angemfunga bila hata kuinuka kwenye benchi. Akafungwa tatu bila. Mabao yote matatu yalifanana: mshambuliaji anaingia, beki wa Mkerewe anateleza kukaba, na mpira umeshaondoka.

Akaweka pedi chini. "Shangazi, hii TV inanichelewesha."

Banda zima likamzomea. "Kisingizio!" "Umezeeka, Mkerewe!" "Rudi ziwani!"

Hakuwajibu. Alimgeukia shangazi tu, kwa adabu, akasema tena: "Shangazi, nisamehe. Si kwamba sitaki kufungwa. Nabonyeza, yeye anasogea baadaye."

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake, na macho yangu yalikuwa kwenye vidole vyake, si kwenye kioo. Nilikuwa nimeona kitu kile kile. Kidole gumba kinashuka, beki bado amesimama, halafu ndiyo anateleza. Nikamwambia shangazi anayosema ni kweli. Shangazi alinitazama, akawatazama wale wanaozomea, akasimamisha bonanza hadi kesho yake. "Nenda kamlete fundi," akaniambia. "Pesa za watu si za kuchezea."

Fundi wetu alikuwa mzee mwenye kibanda karibu na Mlango Mmoja. Kazi ya televisheni aliianzia Unguja, ambako televisheni ya rangi ilikuwepo tangu 1973, wakati sisi wa Bara tulisubiri vituo hadi 1994. Kwa hiyo alikuwa ameshazoea matumbo ya TV wakati mjini kwetu watu wengi hawajaiona. Nilimkuta ameinamia redio.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Chogo limegoma?"

"Chogo zima. Flati ndiyo inachelewa."

Akacheka kwa furaha kabisa, akazima chuma chake cha kulehemu. "Wa kwanza kuniletea ugonjwa huo! Twende."

Jinsi alivyotuonyesha asubuhi ile sitaisahau. Alitaka chogo la inchi 21 liwekwe juu ya meza chini ya flati, karibu karibu. Akatoa kigawanyio cha waya, akagawa ile njano ya PS2 moja katika njia mbili, moja iende chogo, moja iende flati. Picha zikafifia kidogo kote kuwili kwa kuwa zinagawana nguvu, lakini zilikuwepo. Akamwambia Mkerewe: "Cheza, baba. Cheza tu, usitazame sisi."

Saa ya mechi ilikuwa inakimbia kwenye kona ya kila kioo. Fundi akaniomba simu. Akapiga picha moja inayochukua vioo vyote viwili, kisha nyingine, kisha nyingine. Akatuita tukusanyike.

Kwenye picha ya kwanza chogo lilisema dakika ya 23 na sekunde 41. Flati, mashine ile ile, waya ule ule, ilisema sekunde 39. Picha zilizofuata, pengo lile lile.

"Sasa hesabuni," fundi akasema. Dakika tisini za mechi zinapita ndani ya dakika tano zetu. Maana yake saa ya gemu inakwenda mara kumi na nane ya saa ya ukutani. Sekunde mbili za gemu ni kama sehemu moja ya tisa ya sekunde ya kweli. "Nyinyi mnaona ndogo. Huyu anakaba kwa hiyo hiyo."

Wale waliozomea jana walikuwa wanapokezana simu yangu kimya kimya.

Nilimuuliza flati inachelewa nini, ilhali ndiyo mpya. Akanieleza polepole, na mengi niliyokuja kuyasoma baadaye yalithibitisha maneno yake. PS2 kwa mfumo wetu wa PAL inatoa picha ya mistari 576, lakini haiitoi yote kwa pamoja. Inatoa mistari ya namba witiri, kisha ya shufwa, nusu picha hamsini kila sekunde. Chogo halisubiri kitu. Mshale wake wa elektroni unachora mstari pale pale unapowasili, kwenye kioo kinachong'aa kwa muda mfupi mno, na jicho lako ndilo linaloziunganisha zile nusu mbili. Flati haiwezi kufanya hivyo. Nukta zake hazihami, 1366 kwa 768 katika ile ya shangazi. Lazima ikamate nusu picha, iingoje nusu ya pili, izishone, halafu ikuze: kila mistari mitatu igeuke minne, na ule wa nne iubuni yenyewe. Ndiyo yale meno, ndiyo ule ukungu. Kisha inapaka rangi zaidi, inasafisha chengachenga, inalainisha mwendo, na kila hatua inakula muda. Mtazamaji wa mpira wa Brazil hajui kitu, kwa sababu hana pedi mkononi.

Mdogo wangu, ambaye alikuwa darasa la tano, akakimbilia nyumbani akarudi na mashine yake ya zamani ya gemu za kaseti, ile ya kuiga ya Kichina yenye bastola ya kupigia bata. Alitaka kujua mbona tangu flati ije hajapata hata bata mmoja. Fundi alifurahia swali lile kuliko yote. Ukifyatua, akamwambia, kioo kinakuwa cheusi mara moja, kisha pale penye bata panachorwa kipande cheupe, na jicho lililo ndani ya bastola linatafuta mwanga huo kwa wakati wake maalumu. Flati inauleta mwanga umechelewa, tena si mwanga wa aina ile unaopigwa mstari kwa mstari. "Hata ukiugusisha mdomo wa bastola kwenye kioo hutapata." Mdogo wangu alijaribu hivyo hivyo, akakosa, akabeba mashine yake akaihamishia kwenye chogo. Tukasikia bata wakianguka.

Basi fundi akaanza kuitengeneza flati, na sikutaka kupitwa na hata bonyezo moja. Kwanza akalirudisha umbo la picha kuwa nne kwa tatu, wachezaji wakarefuka wakawa watu, na kila upande kukabaki ukanda mweusi. Kuna walionung'unika kwamba kioo kimeliwa. Akapita kwenye menyu akazima kila pambo, ukali wa kingo, usafishaji, ulainishaji, akachagua mpangilio wa gemu. Nikatumwa Makoroboi kutafuta waya wa vichwa vitano, ambao picha yake imegawanywa katika kijani, bluu na nyekundu, na sauti zina vichwa vyake viwili. Niliupata kwenye rundo la waya za mitumba, umekunjwa na waya wa pasi. Kabla ya kuuchomeka tuliingia kwenye mipangilio ya PS2 yenyewe tukiwa bado na ule wa njano, tukabadilisha aina ya rangi inayotoa, maana ukiiacha kwenye ile nyingine rangi zinavurugika.

Picha ilipendeza kweli. Majina yakasomeka, nyekundu ya jezi ikaacha kumwagika nje ya jezi. Tukapiga picha nyingine kwa simu: pengo lilishuka, sekunde moja ya gemu, wakati mwingine haionekani kabisa. Lakini halikwisha. Fundi alisema wazi kwamba kushona zile nusu mbili ni kazi ambayo kioo kile hakiwezi kuikwepa, hata umchomekee waya wa dhahabu.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na beseni lake muda wote huo. Akamuuliza Mkerewe: "Sasa imekaa sawa?"

"Imekaribia, Shangazi."

"Imekaribia si sawa." Akaamuru flati izimwe. Bonanza lote likaanza upya, kila mtu kwa kiingilio alichokwisha kutoa, na mechi zote kwenye chogo la inchi 21. Yule kijana wa Mabatini alikuwa na haki ya kukataa, ameshashinda tatu bila. Hakukataa. Alisema na yeye anataka kumjua Mkerewe halisi, na akamjua: mbili bila, mpira ukimtoka miguuni kila alipotaka kupiga.

Fainali ilichezwa usiku, mwezi umejaa juu ya mawe. Mkerewe alicheza na mwanafunzi wa sekondari wa Pasiansi, mdogo, miwani, haongei. Dakika ya themanini na kitu walikuwa moja moja. Mkerewe akamwacha mshambuliaji aingie, akamwacha, akabonyeza. Yule dogo hakupiga. Alikanyaga mpira, beki akateleza akapita, ndipo akapiga.

Mkerewe aliweka pedi kwenye benchi, akasimama, akampa mkono. "Hapo umenifunga, dogo." Shangazi akamhesabia mshindi elfu hamsini zake, akamvisha jezi iliyomfika magotini, na vijana wakaanza kupanga foleni wamlipie mia mbili awafundishe alivyofanya.